UZI: Wazo Hill, kijiji kilichoota chini ya kiwanda cha saruji. Niliyoyaona kuanzia kota hadi njia ya Madale

Binti wa Kota

Habari zenu wakuu. Juzi kuna mdau aliuliza humu kama Wazo Hill panafaa kwa kuishi na kufanya biashara. Akajibiwa "pana vumbi", "huko si kiwandani", mada ikafa. Imeniuma, kwa sababu mimi nimezaliwa kota za kiwanda, yaani nyumba za wafanyakazi, nimesoma hapahapa, nimeolewa Kilimahewa, na sasa mwaka wa kumi na moja nafyatua matofali njia ya Madale. Nitaandika kwa vipande. Kazi ikinibana naacha, narudi usiku.

Kwanza mahali penyewe. Ukitoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, kwa Barabara ya Bagamoyo unapita Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Mtongani, mpaka Tegeta Kibaoni, zaidi ya kilomita 20. Mkono wa kulia ni upande wa bahari: Kunduchi, Ununio, mikoko na mashamba ya chumvi. Mkono wa kushoto ardhi inaanza kupanda, na hapo inapopandia ndipo Wazo. Kaskazini ni Boko, kisha Bunju, kisha Mto Mpiji ambao ndio mpaka wetu na wenzetu wa Bagamoyo. Kiserikali ni kata ya Wazo, Manispaa ya Kinondoni, na mitaa yake ni kama Salasala, Kilimahewa, Mivumoni, Madale, Kisanga, Nyakasangwe. Mimi nasema kijiji kwa sababu ndivyo tulivyokua. Mpaka leo mtu akipanda daladala Kibaoni kwenda Kariakoo anaaga "naenda mjini", na jirani anamwagiza dawa au vitambaa kama vile anasafiri.

Sasa kile kilima. Si mlima wa kutisha, ukiwa baharini unauona kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Ila ndani yake ni chokaa tupu, mwamba uliotokana na matumbawe ya kale. Yaani tunakaa juu ya sakafu ya bahari iliyopanda juu. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaokota mawe yenye alama za makombe na vitundu vya matumbawe, tunapangia nyumba za kuchezea. Mwalimu wetu wa maarifa ya jamii ndiye aliyetufungua macho kwamba bahari iliwahi kuwa hapa. Nilimkatalia kabisa. Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba, akachukua jiwe moja akanionyesha kwa kidole kile kitundu kilivyozunguka kama ua. Nikaamini.

Kwa ajili ya jiwe hilo ndipo kiwanda kikawekwa hapa. Kampuni iliandikishwa 1959, na uzalishaji ukaanza 1966. Ndicho kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, kabla ya hapo saruji ililetwa kwa meli. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka uliofuata, serikali ikaingia kwenye umiliki, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikauzia kampuni ya Ulaya. Tangu 2006 hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hayo mnayapata popote. Nitakayoandika mimi ni ya watu wa chini ya kilima, maana habari za kiwanda zinaandikwa kila mwaka, habari za kijiji hakuna anayeziandika.

Mpangaji Mpya

Dada mimi ndiye niliyeuliza juzi. Nashukuru sana kwa kunifikiria. Endelea, nafuatilia. Swali langu la kwanza: je, ajira za kiwandani zipo kwa mtu anayehamia?

Binti wa Kota

Kaka karibu sana, uzi huu nimeuanzisha kwa ajili yako. Hilo la ajira nitalijibu, ila nipitie kwanza kwa baba yangu, kwa sababu jibu liko hapo.

Baba alitoka Songea akaja kuajiriwa mwaka 1974. Kota zilikuwa na Wangoni, Wanyakyusa, Wahaya, Wachaga, Wasukuma, Wamakonde, wote ukuta kwa ukuta. Wenyeji Wazaramo walikuwa nje ya kota, kwenye mikorosho na minazi yao. Mama alijifunza kupika mchicha wa nazi kwa mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akituletea madafu, naye mama akamfundisha kupika likolo, mboga ya majani ya kwetu Songea. Sisi watoto tulikua hatujui kabila la mtu mpaka shule ilipotuuliza.

Baba alifanya kazi upande wa tanuru. Wengi mnadhani saruji ni mawe yaliyosagwa tu. Hapana. Chokaa inapondwa, inachanganywa na udongo mwekundu na vitu vingine kidogo, inasagwa iwe unga, kisha inaingia kwenye tanuru, bomba refu la chuma lililolala kwa mteremko na linazunguka polepole usiku na mchana. Ndani yake joto linafika nyuzi 1,450. Kinachotoka upande wa pili ni klinka, vijiwe vya kijivu cheusi. Klinka inasagwa na jasi, na jasi ndiyo inayoizuia saruji isigande papo hapo fundi anapoichanganya. Jasi ya nchi hii inachimbwa Makanya kule Same na Kilwa.

Kuna jambo moja baba alilipenda sana na alilirudia mpaka kustaafu. Ukichoma kilo 100 za mawe safi ya chokaa, kilo 44 hivi hazirudi, zinapaa kama hewa ya ukaa. Alikuwa anasema kilima kinaondoka kwa njia mbili, nusu kwa lori na nusu kwa bomba la moshi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni fumbo. Sasa hivi nikisikia habari za mabadiliko ya tabianchi namkumbuka.

Tanuru lilikuwa linakula mafuta mazito. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam, tawi moja la bomba, kilomita 16, likavutwa kutoka Ubungo mpaka hapa Wazo. Baba alikuwa bado kazini, na alichokisema mezani jioni ile ni kwamba harufu ya mafuta imeanza kuisha kwenye nguo zake.

Sasa jibu lako kaka. Enzi za baba, kuajiriwa kiwandani kulikuwa na maana ya nyumba, matibabu, na jina kijijini. Leo mitambo inafanya kazi kubwa kuliko mikono. Kiwanda kina uwezo wa karibu tani milioni 2 za saruji kwa mwaka, lakini ukisimama Kibaoni asubuhi ukahesabu watu, wachache sana wanaingia getini. Wengi wanaishi kwa kinachotoka getini. Hilo ndilo ninalotaka watu walielewe: uchumi wa Wazo hauko ndani ya uzio, uko barabarani. Usihame kwa kutegemea ajira ya kiwandani. Hama ukiwa na jambo unaloweza kulifanya nje ya geti.

Tandiboi Mstaafu

Dada umenena. Mimi nimekuwa utingo wa semi miaka 9, nikipakia Wazo kwenda Morogoro, Dodoma mpaka Singida. Naomba niongezee kuhusu foleni ya malori.

Lori haliingii tu likapakia. Unafika usiku, unaandikisha, unasubiri. Mara masaa manne, mara siku mbili mzigo ukiadimika. Katika kusubiri huko dereva na utingo lazima wale, waoge, walale, wazibe pancha, washone turubai, wachaji simu. Kuna mama alikuwa ananipikia wali maharage kwa mkopo, anaandika kwenye daftari, nikirudi safari namlipa. Miaka 9 hatujawahi kukosana. Alisomesha watoto wawili kwa sufuria hilo. Halafu fundi turubai, yule mzee wa sindano kubwa na uzi wa nailoni. Turubai likitoboka kitundu kidogo, mvua ikikukuta Dumila mifuko inaganda, na hasara inakatwa kwako wewe utingo. Kwa hiyo huyo mzee tulimheshimu kuliko bosi.

Binti wa Kota

Asante kaka, hapo umenigusa, huyo fundi turubai nadhani namfahamu. Huo ndio uchumi wenyewe.

Niongeze kundi moja linalosahaulika: makuli wa kushusha. Semi la tani 30 ni mifuko 600 ya kilo 50. Likishushwa kwenye ghala la wakala na watu wanne, kila mmoja amebeba mifuko 150, yaani tani saba na nusu kwenye shingo moja. Waangalieni wanavyovaa. Wanachukua kiroba wanakikunja kona moja iingie ndani ya nyingine, kinakuwa kofia ndefu inayoshuka mpaka mgongoni. Bila hicho, jasho na unga wa saruji vikikutana shingoni, ngozi inachubuka kama imeungua, na kweli imeungua, maana saruji ikilowa inachoma. Wanalipwa kwa mfuko. Kijana mmoja aliyekuwa akinishushia mzigo alikuwa akijipaka mafuta ya nazi shingoni na kwenye vidole kabla ya kuanza, kisha anaoga kwa maji mengi kabla hajala. Alikuwa na miaka 22 na viganja vyake ni vya mtu wa 60. Nilimnunulia glavu, akavaa siku mbili, akaniambia dada mfuko unaniteleza. Sikuwa na jibu.

Fundi Mwashi

Dada tuambie habari za matofali. Mimi najenga Madale na Mivumoni, na kila siku nakutana na tofali unaligusa kwa kiatu linamomonyoka.

Binti wa Kota

Hapo sasa fundi wangu umenikuta nyumbani.

Njia ya kutoka Kibaoni kupanda Wazo, kwenda Madale mpaka Goba na kutokea Mbezi Mwisho, imepangwa viwanja vya kufyatulia matofali kama maduka. Sababu ni rahisi: saruji iko mlangoni, na wanaojenga wako palepale juu. Barabara hiyo ya kilomita 20 ilipowekwa lami imetuunganisha na Barabara ya Morogoro bila kupita Mwenge wala Ubungo, na tangu hapo mashamba ya mikorosho yamegeuka viwanja kila mwezi. Nilianza na kibao kimoja cha mkono na vijana wawili. Sasa nina mashine ya umeme na vijana saba.

Siku yetu inaanza saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Mchanga unamwagwa chini, saruji inamwagwa juu yake, vijana wawili wanageuza kwa chepe wakiwa wameelekeana, mara tatu ikiwa kavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji. Mtu asiyejua anaona ni kuchanganya tu. Lakini ukishika mchanganyiko mkononi, ukiukamata uwe donge na ukifungua vidole usivunjike, wala usiache maji kwenye kiganja, hapo ndipo penyewe. Mchanga mzuri kwetu ni wa Mpiji, punje zake ni kali na hauna tope. Unalijua tope kwa kusugua viganja: mchanga safi unaacha mikono mikavu, mchafu unaacha rangi.

Kisha tofali linaanikwa kivulini. Linamwagiliwa asubuhi na jioni, siku 7 kwa uchache. Hapa ndipo wengi wanapoiba. Saruji haikauki kama tope, inashikana kwa kunywa maji, na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Zile namba mnazoziona kwenye mfuko, 32.5 na 42.5, ndizo nguvu za siku ya 28. Ukiliuza tofali siku ya tatu umeuza mchanga uliopakwa rangi.

Kwa mfuko mmoja mimi natoa matofali 28 hadi 30 ya inchi 6. Kuna wenzangu wanatoa 45, na wengine 50. Bei yao iko chini, mteja anakimbilia kwao, na sisi tunaonekana wezi.

Fundi Mwashi

Dada nakubaliana na wewe kwa mengi, ila 28 ni la ghorofa hilo. Kwa nyumba ya chini ya kawaida 35 linatosha kabisa kama mchanga ni safi na limemwagiliwa. Mwenye nyumba naye ana mfuko wake, ukimwambia 28 anaishia kwenye msingi.

Binti wa Kota

Sikatai fundi, 35 lililotunzwa ni bora kuliko 28 lililoachwa juani. Mimi nimeshikilia 28 kwa sababu wateja wangu wengi wanajenga kwenye mteremko, Kilimahewa Juu na Kisanga, na ukuta wa kuzuia udongo ukianguka masika unaangukia nyumba ya jirani. Nimeona mmoja ukianguka Aprili, usiku, mama na watoto wametoka dakika chache kabla. Tofali zilikuwa zimevunjika katikati kama biskuti. Tangu siku hiyo sipunguzi.

Na kokoto pia semeni ukweli kwa wateja. Kokoto zetu za huku na za Kunduchi ni za mwamba wa matumbawe, nyepesi na laini, zinafaa kwa jamvi la chini, lile zege la sakafu. Nguzo na zege la juu nunua za Lugoba, hata kama usafiri wake unaumiza. Akina mama wa Kunduchi wanaogonga kokoto kwa nyundo wakijua nimeandika hivi watanielewa, maana wenyewe wanawaambia wateja hivyohivyo. Ninawaheshimu sana wale. Mama anakaa chini ya kiturubai, jiwe ameliweka ndani ya pete ya mpira wa tairi lisiruke, nyundo inashuka, na ndoo inajaa kidogokidogo mpaka jioni.

Watu wengine wanadhani kukaa jirani na kiwanda ni kupata saruji rahisi. Mwishoni mwa 2020 saruji ilipoadimika na bei kupaa nchi nzima, sisi tunaosikia mitambo tukiwa kitandani tulinunua kwa bei ileile ya juu. Nilisimamisha kazi wiki tatu, na vijana wangu saba wakarudi kwenye vibarua vya kuchimba vyoo. Afadhali sasa viwanda vimeongezeka, kuna wa Mtwara walioanza 2015, kuna wa Kimbiji kule Kigamboni. Wakala akinibana ninapo pa kugeukia.

Mjukuu wa Bunju

Wanangu nimesoma yote. Mimi ni mzee wa Kizaramo, babu zangu wamezikwa huku, baadhi ya makaburi yalishahamishwa. Binti Kota ameandika vizuri, nami nimewajua wazee wa kota wa wakati wa baba yake. Naomba niseme ya upande wetu.

Kabla ya kiwanda huku palikuwa na njia ya miguu ya kushuka Kunduchi kununua samaki, na huko Kunduchi pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, ushahidi kwamba pwani hii ilikuwa na watu wa mji tangu zamani. Tulikuwa na mikorosho, minazi, mihogo, na mpunga kidogo kwenye mabonde. Kiwanda kilipokuja wengi wetu hatukuingia kazini. Mkulima alikuwa anauza shamba mara moja, anapata fedha, anaoza binti, fedha inaisha, anahamia ndani zaidi. Alipohama Tegeta akaenda Boko, alipotoka Boko akaenda Bunju, sasa wajukuu wako ng'ambo ya Mpiji. Hakuna aliyetulazimisha wengi wetu, tuliuza wenyewe. Lakini hakuna aliyetuambia ardhi itakuwa na thamani gani.

Jambo la pili ni mchanga. Mto Tegeta na Mto Mbezi vilikuwa vinateremsha mchanga mpaka baharini kila masika, na mchanga huo ndio uliokuwa unailisha fukwe. Watu wakauchimba mitoni kwa ajili ya ujenzi. Bahari ikakosa chakula, ikaanza kula nchi kavu. Hoteli ya Africana iliyokuwa ufukweni iliharibika kwa sababu hiyo, na leo jina limebaki kwenye kituo cha daladala. Vijana wanaposhuka Afrikana hawajui wanataja kitu kilichokuwa baharini.

Binti wa Kota

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili. Hilo la mchanga linanihusu, maana nami ni mnunuzi wa mchanga. Madereva wa tripu nawauliza wametoa wapi, na wakisema Mto Tegeta au Mto Mbezi siwapokei. Si dawa ya kutosha, najua.

Na hilo la ardhi babu, limetupata hata sisi watoto wa kota. Baba alipostaafu alinunua kiwanja kupitia dalali mmoja. Kikaratasi cha mauziano kilikuwepo, mihuri ilikuwepo, mashahidi walikuwepo. Baada ya mwaka akatokea mtu mwingine na kikaratasi chake, mihuri yake na mashahidi wake, kiwanja kilekile. Baba alikuwa ameshamwaga msingi. Tulizunguka ofisi miaka minne, na mwisho tukaacha. Msingi upo mpaka leo, mwenzetu kajengea juu yake. Baba alikuwa akipita hapo anaangalia upande mwingine wa barabara.

Kwa hiyo kaka Mpangaji, na wote mnaotaka kununua huku: kikaratasi cha serikali ya mtaa hakitoshi. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uliza eneo limepimwa au la, na uliza pia kama liko ndani ya leseni ya uchimbaji. Huku chini ya miguu yetu kuna chokaa, na mwenye haki ya kuchimba anaweza asiwe mwenye kiwanja. Mgogoro wa Chasimba kule upande wa Boko, kati ya wakazi na kiwanda, ulidumu miaka mingi, ukapita mahakamani, mpaka Wizara ya Ardhi ikaingia kati na upimaji ukafanyika. Watu walijenga, walizaa, walizika, huku hawajui kesho yao. Nyakasangwe nako kulikuwa na vurugu za viwanja. Usinunue kwa haraka. Pangisha mwaka mmoja kwanza, ujue watu na ujue maji yanapita wapi masika.

Mpangaji Mpya

Nimekuelewa dada, na pole sana kwa yaliyompata mzee. Maji vipi huko? Nina mtoto mdogo.

Binti wa Kota

Asante kaka. Bomba kuu la Ruvu Chini linapita pembeni ya Barabara ya Bagamoyo kwenda matangi ya Chuo Kikuu, kwa hiyo sisi wa chini tunapata vizuri. Kadiri unavyopanda kilima msukumo unapungua, na huko juu wengi wana visima au wananunua maji ya boza. Kisima cha huku maji yake ni magumu kwa sababu ya chokaa. Birika linaota magamba meupe ndani yake kabla ya mwezi kwisha, na sabuni haitoi povu mpaka uchoke. Kwa kunywa hayana shida ukichemsha, lakini nguo za mtoto fulia maji ya bomba.

Vumbi siwezi kukudanganya. La barabarani ni kubwa kuliko la kiwandani siku hizi, hasa Juni mpaka Septemba kwenye njia za ndani zisizo na lami. Tafuta chumba kisichoitazama barabara ya malori.

Usafiri umekuwa afadhali tangu Mwenge mpaka Tegeta ilipopanuliwa. Asubuhi bado ni foleni. Anayefanya kazi mjini anatoka saa 11 alfajiri.

Fundi Mwashi

Dada swali la mwisho kutoka kwangu. Hicho kilima kikiisha?

Binti wa Kota

Fundi, nina picha moja ya baba, nyeusi na nyeupe, amesimama mbele ya kota na ovaroli lake, mimi sijazaliwa. Nyuma ya bega lake la kushoto kuna mstari wa kilima na mti mmoja mkubwa juu yake. Mwaka jana nilisimama palepale na simu nikapiga picha. Kota zipo. Mstari ule haupo, pale ulipokuwa mti ni anga.

Sisemi kwa kulaumu. Nyumba zetu zote, shule, madaraja, hata msingi ule wa baba, vimetoka pale. Nikipita Posta nikiona maghorofa yale najua yametoka nyuma ya bega la baba yangu. Ila ningependa shimo lile lisiachwe shimo. Lijazwe udongo, lipandwe miti, na watoto wa Kilimahewa wapate uwanja. Hilo nimelisema kwenye mkutano wa mtaa mara mbili, likaandikwa kwenye muhtasari. Mkutano ujao nitalisema tena.

Mjukuu wa Bunju

Ule mti ulikuwa mbuyu, binti yangu. Tulikuwa tunapumzika chini yake tukitoka Madale.

Binti wa Kota

Asante sana babu. Miaka yote nilikuwa sijui ni mti gani. Naandika nyuma ya picha leo hii.

Mpangaji Mpya

Dada nimeamua. Jumamosi nakuja kuangalia vyumba. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina mashine yangu ndogo.

Tandiboi Mstaafu

Kuchomelea? Njoo hata kesho kaka. Bodi za semi zinapasuka kila siku pale kwenye foleni, na aliyekuwepo amehamia Bunju.

Binti wa Kota

Karibu kaka. Shuka Kibaoni, panda bajaji ya Madale, mwambie dereva akushushe kwenye matofali baada ya kona ya pili. Njoo kabla ya saa 4, baada ya hapo nakuwa saiti. Mama watoto mje naye, chumba ni yeye atakayekaa nacho mchana kutwa.